Neno Imani kwa Wayahudi

Mara nyingi twasikia watu wakisema ya kwamba Wayahudi walipewa sheria, bali Wakristo walipewa imani. Neno hili husemwa upesi, na mwenye kulisema hudhani amekwisha kuwapima watu wale. Hata sisi waalimu tumelisema mbele ya watoto. Walakini tukiifuata historia ya Wayahudi, twaona ya kuwa sivyo. Wayahudi wana imani tangu zamani za Ibrahimu. Ila kwao maana yake ya kwanza si ile tuliyoizoea sisi.

Na tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiebrania imani huitwa emuna. Mzizi wake ni herufi tatu, nao umo katika Kiarabu vile vile, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu. Kiswahili kimepata kwa Waarabu maneno ya mzizi huo huo: imani, amini, amana na amani. Hata lile Amina tulisemalo mwisho wa sala ni la ukoo huo. Basi msomaji wa Kiswahili anao ufunguo wa jambo hili mkononi mwake.

Maana ya mzizi huo ni kuwa imara, kuwa kitu kisichomwangusha mtu akiegemeapo. Tunakumbuka habari ya vita vya Waisraeli na Waamaleki, katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 17. Musa alisimama juu ya kilima ameinua mikono. Nayo ikawa mizito, na Haruni na Huri wakamketisha juu ya jiwe, wakaishika, mmoja huku na mmoja huku, ikawa imara hata jua likachwa. Neno la Kiebrania hapo ni emuna lile lile. Hapakuwa na fundisho la kukubaliwa kwa kichwa. Palikuwa na mikono iliyochoka, na ndugu wawili walioizuia isianguke.

Tena tuangalie habari za Ahazi, mfalme wa Yuda, yapata mwaka 734 kabla ya Kristo. Wafalme wa Shamu na Israeli walikuja kupigana na Yerusalemu, na moyo wa mfalme ukatetemeka. Isaya akamwonya, akitumia mzizi ule mara mbili katika sentensi moja: asiyeamini hatakuwa imara. Ahazi hakukana ya kuwa Mungu yupo. Kosa lake lilikuwa kwamba hakumwegemea, akatoa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana, akaipeleka kwa mfalme wa Ashuru apate kumwokoa. Alimjua Mungu kwa akili, lakini siku ya hofu aliegemea pengine.

Waalimu wa Wayahudi waliokuja baadaye waliishika maana hii. Katika Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mafundisho, imeandikwa habari ya mwalimu Simlai, wa karne ya 3, aliyehesabu amri za Torati akapata 613. Kisha zikapunguzwa: Daudi alizisimamisha juu ya mambo 11, Isaya juu ya 6, Mika juu ya 3, hata mwisho Habakuki akazisimamisha juu ya jambo moja, kwamba mwenye haki huishi kwa imani yake. Basi aliyesema Wayahudi walikuwa na sheria pasipo imani hakuyasoma haya. Kwao amri zote zasimama juu ya imani, kama nyumba juu ya nguzo yake.

Tena kuna neno lingine katika Talmudi ambalo lilitushangaza tulipolisoma. Mwalimu Rava, aliyekaa Babeli katika karne ya 4, alifundisha juu ya maswali atakayoulizwa mtu siku ya kuhukumiwa. La kwanza ni hili: Je, ulipouza na kununua, ulifanya kwa emuna? Ndipo aulizwe kama alitenga saa za kujifunza Torati, na kama aliutazamia wokovu. Imani huanza kutafutwa sokoni, penye mizani na kipimo.

Sasa na tulinganishe. Imani ya Kikristo ilitoka katika shina hilo hilo, ikaandikwa kwa Kiyunani. Neno la Kiyunani, pistis, nalo lina maana ya uaminifu pamoja na kusadiki. Mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi, na Yakobo katika waraka wake, wote wawili walilishika neno moja la Mwanzo, kwamba Ibrahimu alimwamini Mungu akahesabiwa haki: Paulo apate kuonyesha ya kuwa imani yatangulia matendo, Yakobo apate kuonyesha ya kuwa pasipo matendo imefariki. Walakini Kanisa lilipokea watu wa mataifa mengi, wasiozaliwa katika agano la Ibrahimu, wenye miungu na fikira za kila namna. Kila mmoja hakuwa na budi kuulizwa asadiki nini. Hivyo zikatokea kanuni za imani, na mwaka 325 maaskofu wakakutana Nikea, wakaandika yaliyo kweli juu ya Baba na Mwana, kwa sababu ya mafundisho ya Ario.

Waislamu nao wana shahada, na huhesabu mambo sita ya imani: Mwenyezi Mungu, malaika zake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra. Walakini nao hawakuisahau maana ile ya kale. Mapokeo yao yasema kwamba Muhammad, kabla ya kuitwa mtume, watu wa Maka walimwita al-Amin, yaani mwaminifu. Na kurudisha amana ni wajibu mkubwa kwao.

Kwa Wayahudi haikuwa vivyo hivyo. Mtoto wao huzaliwa ndani ya agano, na mgeni aingiaye huanza kama Ruthu, ambaye mbele ya Naomi alitaja kwanza watu, kisha Mungu. Si kwamba hawakujali mafundisho: Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yasema ya kuwa akanaye ufufuo wa wafu hana fungu katika ulimwengu ujao. Lakini hawakuwa na mkutano kama ule wa Nikea.

Aliyejaribu kuyapanga mafundisho yao katika hesabu ni Maimonides, mzaliwa wa Cordoba katika Hispania. Mwaka 1148 watawala Waislamu walioitwa Almohad waliuteka mji huo, wakawabana wasio Waislamu waache dini yao, na jamaa yake ikatangatanga miaka mingi hata ikafika Misri. Huko, mwaka 1168, alimaliza kuieleza Mishna kwa Kiarabu. Na alipofika penye maneno yale ya ufufuo akaandika mambo 13 ya kuaminiwa, tangu kuwako kwake Mungu hata kuja kwa Masihi na ufufuo. Baadaye, yapata mwaka 1172, aliwaandikia Wayahudi wa Yemeni, waliokuwa wakilazimishwa kuacha dini, akiwatia moyo wasilegee.

Naye mwenyewe alijaribiwa. Nduguye Daudi, mfanya biashara, alizama katika Bahari ya Hindi, na pamoja naye ikapotea mali yao na mali ya watu wengine, akamwachia mjane na binti mdogo. Maimonides aliugua karibu mwaka mzima, akilala kitandani. Lakini aliinuka, akafanya kazi ya utabibu, akamaliza kitabu chake kikubwa cha Sheria. Tukimtazama twaona mikono ya Musa.

Hata hivyo wenzake hawakukubaliana wote. Joseph Albo, katika karne ya 15, alisema mambo ya msingi ni 3 tu. Isaac Abravanel, baada ya Wayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492, aliandika ya kuwa Torati haina sehemu iliyo kubwa na sehemu iliyo ndogo, yote ni msingi. Moses Mendelssohn, huko Berlin mwaka 1783, alisema kwamba Mungu aliwafunulia Wayahudi amri za kutenda, wala si mafundisho ya kusadiki. Na mwaka 1950 Martin Buber alisema ziko imani za namna mbili: kumtegemea mtu fulani, na kukubali kwamba jambo fulani ni kweli, akasema ya Wayahudi ndiyo ile ya kwanza. Wengi wamempinga, nasi twaona haki yao, kwa kuwa Mkristo naye humtegemea Bwana wake.

Basi tumejifunza nini? Hatusemi kanuni za imani ni bure. Mtu hawezi kumwegemea asiyemjua. Lakini yuko mtu akaririye kanuni yote pasipo kukosa neno, na jirani akimwekea amana ya fedha au mbegu, haioni tena. Mtu huyo anayo imani kinywani, mkononi hana. Lugha yetu yenyewe yamshuhudia vibaya, kwa kuwa imani na amana ni ndugu wa tumbo moja. Tukimaliza sala na kusema Amina, na tukumbuke ya kuwa twasema: iwe imara. Kisha twende sokoni, shambani na nyumbani, tukaonekane imara huko pia hata jua lichwe.