KIINUA MGONGO SI PENSHENI
Historia ya Baadhi ya Istilahi za Stahili za Mtumishi wa Serikali

Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wafasiri wamekabiliwa na maandiko mengi yahusuyo masharti ya kazi: sheria, kanuni, nyaraka za utumishi, mikataba ya ajira na fomu za kustaafia. Maandiko hayo yanamgusa kila mtumishi, kuanzia katibu mkuu hadi mhudumu wa ofisi, na neno moja lililowekwa mahali pasipo pake laweza kumfanya mtu aliyeitumikia Serikali kwa miaka 30 akosee kuhesabu kilicho chake. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha yalikotoka baadhi ya maneno hayo. Itadhihirika kwamba mengi kati yao yalizaliwa yakiwa maneno ya hisani, yaani ya mtu kumpa mwenziwe kwa kupenda, kisha yakaingizwa katika lugha ya haki pasipo kuiacha maana yake ya zamani.

Tuanze na posho. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa na shanga alizopewa ili akanunue chakula njiani. Haikuwa ujira, ujira ulihesabiwa mbali. Maana hiyo ya chakula imebaki Uganda, ambako hadi leo posho ni unga na ugali wa mahindi. Huku kwetu neno limepanda cheo: tuna posho ya kujikimu, posho ya kukaimu, posho ya saa za ziada na posho ya vikao. Kati ya hizo ni ile ya kwanza tu iliyokaa karibu na asili yake, kwa kuwa mtumishi anayetumwa Songea kutoka Dodoma hupewa fedha ya kula na kulala, kama mpagazi alivyopewa shuka. Posho ya vikao ni jambo jingine kabisa. Nadhani manung'uniko ya wananchi juu yake yanatokana kwa kiasi fulani na neno lenyewe, maana msikiaji hujiuliza aliyekaa kitini ana njaa gani.

Mshahara, kwa upande wake, ni neno la mkataba tangu mwanzo. Limetoka katika Kiarabu, na kiini chake ni mwezi: malipo ya mwezi kwa mwezi. Lakini wakati wa ukoloni si kila mfanyakazi aliyekuwa na mwezi wa kalenda. Kibarua wa shamba la mkonge, na wa kazi nyingine nyingi, alipewa kipande chenye nafasi 30, na mwezi wake ulikwisha siku ilipojazwa nafasi ya 30, hata kama zilikuwa zimepita siku 40 au zaidi. Kwa hiyo watu wawili waliweza kusema “mshahara wa mwezi” bila ya kusema jambo moja. Karani wa Serikali alihesabiwa siku za Jumapili na za likizo. Kibarua hakuhesabiwa ila alizofanya kazi.

Ama kuhusu likizo, neno hili lina asili ya kupendeza. Katika Kiswahili cha zamani kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Kutokana na maana hiyo ya kuachisha likapatikana jina la muda ambao mtu ameachishwa kazi kwa kitambo. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mzazi likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na hivyo neno lililotokana na kuachisha ziwa limekuwa jina la siku za kunyonyesha. Msemaji wa kawaida hana habari ya mgongano huo, wala haumdhuru. Nimeutaja ili ionekane kwamba si kila asili ya neno ina madhara katika matumizi yake ya leo. Asili ya kiinua mgongo ndiyo yenye madhara.

Picha iliyomo katika neno hilo ni ya mtu aliyeinama kazini, akilima au akijenga, ambaye kazi ikiisha huinua mgongo. Hapo mwenye kazi humwongeza kitu kidogo juu ya ujira waliopatana. Neno liko katika jamaa moja na kifungua mlango na kipa mkono, zawadi zinazojulikana sana katika arusi za pwani. Zawadi za namna hii zina desturi yake, na anayezikosa hunung'unika, lakini hazina kipimo kilichoandikwa. Mtoaji ndiye ajuaye atatoa kiasi gani. Marupurupu nayo hayako mbali na hapo: ni vijifaida vya pembeni, ambavyo mtu huvipata zaidi ya haki yake.

Sasa tutazame Serikali ya kikoloni ilivyowatendea watumishi wake, kwa kuwa maneno haya yalikuja kubebeshwa mambo yaliyoanzia huko. Mwaka 1922 makarani na walimu wa Kiafrika wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Walikuwa watu wa kalamu, waliojua kwamba masharti ya kazi hukaa katika maandishi. Na maandishi yenyewe yaliwabagua. Kwa miaka mingi kanuni iliyofuatwa katika Afrika ya Mashariki ilikuwa kwamba Mwafrika au Mwasia mwenye elimu na cheo sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano (3/5) ya mshahara wa Mzungu. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, iliiacha kanuni hiyo isimame. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipendekeza iondolewe. Ngazi ya mshahara iwe moja, na mtumishi aliyetoka ng'ambo aongezewe malipo maalumu ya kumvutia aje. Mfasiri aliyezoea kuandika “posho” kwa kila malipo yaliyo nje ya mshahara wa msingi angeyaita hayo posho, na msomaji asingetambua kwamba ile tofauti ya zamani, baada ya kutolewa katika mshahara, ilikuwa imeruhusiwa kurudi kwa mlango wa nyuma.

Katika pensheni ubaguzi ulikuwa wa namna nyingine. Watumishi waligawanywa katika wale wa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, na wale wasiokuwa na pensheni, ambao mwaka 1942 waliwekewa mfuko wa akiba. Hata hao wa kwanza hawakuwa na usalama walioudhania. Sheria za pensheni za makoloni ya Kiingereza zilikuwa na kifungu kilichorudiwa koloni hadi koloni, kwamba hakuna mtumishi aliye na haki kamili ya kudai pensheni. Kwa macho ya sheria, basi, pensheni ilikuwa hisani ya dola kwa mtumishi mwema. Hivyo aliyeifasiri kwa neno la hisani hakuwa amekosea sana kwa wakati wake. Kosa limekuja baadaye, pale hali ilipobadilika na neno likabaki.

Hali ilianza kubadilika mara baada ya Uhuru. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi, na mwaka 1964 ukaundwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Mwaka 1968 ukatokea ugomvi ambao haufai kusahauliwa na mtu yeyote anayefasiri neno pensheni. Tanzania ilitangaza kwamba haitaendelea kuwalipa pensheni maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wao wa kabla ya Uhuru, kwa kuwa walikuwa wameitumikia Uingereza. Uingereza nayo ikakata misaada yake. Nchi mbili hazigombani hivyo kwa sababu ya zawadi. Kwa vitendo pensheni ilikwisha kuwa deni, na lililobaki lilikuwa kuamua mdaiwa ni nani.

Katikati ya mambo hayo, Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali kadiri iwezekanavyo. Na kwa Sheria Namba 27 ya mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ofisi zilihitaji maneno kwa haraka. Mengi yaliyopatikana yalikuwa mazuri: kaimu, uhamisho, kustaafu, likizo bila malipo. Lakini kwa kila fedha apewayo mtumishi aondokapo, maofisa walilishika neno moja lililokuwa tayari midomoni mwa watu, nalo ni kiinua mgongo.

Matokeo yake ni kwamba neno hilo leo linabeba angalau mizigo mitatu. Kwanza, ni fedha anayolipwa mtu mwenye mkataba wa muda maalumu unapokwisha. Ndiyo maana husikika sana Bunge linapovunjwa. Pili, ni malipo ya kuachishwa kazi, ambayo kwa sheria ya mwaka 2004 ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, bila ya kuzidi miaka 10. Tatu, ni ile fedha ya mara moja anayopokea mstaafu mwenye pensheni. Mizigo miwili ya kwanza neno laweza kuivumilia. Ule wa tatu unapotosha.

Unapotosha kwa sababu fedha hiyo ya mara moja haikuongezwa juu ya pensheni, bali imekatwa ndani yake. Mstaafu ameuza sehemu ya pensheni yake ya kila mwezi akapewa thamani yake kwa mkupuo. Isitoshe, tangu mwaka 1999, ilipotungwa Sheria ya Mafao ya Kustaafu kwa Watumishi wa Umma, mtumishi mwenyewe amekuwa akikatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri akichangia asilimia 15. Kumwambia kwamba anapewa kiinua mgongo ni sawa na kumzawadia mtu fedha yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyechangia kwa miezi 360, na ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya watumishi wa umma, miezi hiyo iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka mzima. Pensheni yake ya mwaka ikawa shilingi 8,000,000. Nusu ya fedha hiyo ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani shilingi 62,000,000, na nusu iliyobaki ikamletea kiasi cha shilingi 333,300 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, mahali pa 540 pakawekwa 580, mahali pa nusu asilimia 33, na mahali pa 15.5 pakawekwa 12.5. Mkupuo ukashuka hadi kiasi cha shilingi 30,724,000, na pensheni ya mwezi ikapanda hadi kiasi cha shilingi 415,900. Mwaka 2024 sehemu ya mkupuo iliongezwa ikawa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu hapo zamani.

Mabishano yaliyozuka kuhusu hesabu hizi mwishoni mwa mwaka 2018, hata Rais John Magufuli akasimamisha kanuni iliyokuwa imetolewa mwaka huo, yamelipatia taifa istilahi mpya, kikokotoo. Limetokana na kukokotoa, na umbo lake ni la chombo, kama kikaango. Kwa hakika wengine hulitumia kwa mashine ya kuhesabia. Lakini mwalimu au muuguzi anayekaribia miaka 60 akilitamka, hataji mashine. Anataja kanuni iliyowekwa na watu, ambayo watu waweza kuibadili, na ambayo ilikwisha kubadilishwa. Mimi ningependa zaidi “kanuni ya ukokotoaji”, ingawa najua kwamba neno fupi lililokwisha kuzoeleka halishindwi kwa waraka.

Yafaa pia tuseme kwamba katika mabishano hayo neno mafao lilitumiwa na pande zote kwa maana zisizolingana. Wengine walikusudia jumla ya yote atakayoyapokea mstaafu hadi kufa kwake. Mtumishi aliyepanga kumalizia nyumba alikusudia ile fedha ya siku ya kwanza. Mtu anayesema mafao hayakupungua na mtu anayesema yamepungua nusu waliweza wote wawili kuwa wakweli, na bado wasielewane kamwe.

Kwa sababu hizo, rai yangu kwa wafasiri wa sheria na kwa maofisa utumishi ni hii. Mafao yabaki kuwa jina la jumla. Pensheni iitwe pensheni, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa la Kiswahili na halina harufu ya hisani. Fedha inayokatwa ndani ya pensheni iitwe malipo ya mkupuo ya pensheni, kwa maneno yote hayo, hata kama fomu itahitaji mstari mrefu zaidi. Malipo ya kuachishwa kazi yaitwe hivyo hivyo. Kiinua mgongo kiachiwe mtu wa mkataba, ambaye kweli hana pensheni ya kukatwa. Na pale ambapo barua ya Serikali inamjulisha mstaafu kiasi atakacholipwa kwa mkupuo, barua hiyohiyo itaje katika aya hiyohiyo pensheni yake ya mwezi ingekuwa kiasi gani kama mkupuo usingetolewa.