Kimbunga cha 1872 na fungate ya masika

Huwa tunaambiwa Unguja haina vimbunga. Kweli ni nadra, maana tuko karibu na ikweta. Lakini tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, kimoja kilitupiga. Merikebu za Sayyid Barghash ziliangamia bandarini, minazi na mikarafuu mingi ikang'oka. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na ndipo ilipoipita Unguja kwa karafuu hadi leo. Waya wa telegrafu ulifika kwetu mwaka 1879, nani angewaonya?

Mei 2024, Hidaya ilipoikaribia Mafia, onyo lilitangulia na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Hapo ndipo bi harusi hukwama. Hoteli za masika ni rahisi, hatuwakatazi. Ila iachieni fungate siku mbili tatu za ziada kabla ya kurudi kazini. Dawa, vyeti na fedha taslimu vifungeni kwenye mfuko usiopenya maji, na wazazi wajue mmefikia wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, msivuke, hata kama nahodha wa kukodi anawacheka.