Kunguni wa Kijani: Spishi Moja, Majina Mengi
*Nezara viridula*

Mdudu huyu mwenye umbo la ngao hula maharage, nyanya na mimea mingine mingi. Anajulikana karibu kila sehemu yenye joto duniani, ingawa wataalamu wengi wanaona asili yake ni Afrika ya Mashariki.

Majina yalivyozidi
Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus wa Uswidi alimwita *Cimex viridulus*. Mwaka 1775 mwanasayansi Fabricius wa Denmark aliwaita wenye ukosi wa manjano *Cimex torquatus*, akidhani ni spishi nyingine. Jenasi *Nezara*, anamowekwa sasa, iliundwa mwaka 1843.

Utata ulivyotatuliwa
Wenye ukosi na wasio nao huzaliana, na rangi hizo hurithiwa ndani ya spishi moja. Kwa kanuni ya kisayansi, jina la zamani zaidi ndilo linalobaki: *viridula* (awali *viridulus*).

Namna ya kumtambua
Mkubwa ana urefu wa milimita 12 hadi 18, na vidoa vitatu vyeupe mwanzo wa bamba la mgongoni. Watoto hawafanani naye: wengi huwa weusi wenye madoa meupe, na hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa.

Ukimwona, mtazame bila kumshika. Akisumbuliwa hutoa harufu kali.