Ngumbaru, herufi na akili: ushahidi wa Wavai

Neno ngumbaru hutumiwa kumtaja mtu mzima anayejifunza kusoma ukubwani, lakini aghalabu hutamkwa kwa kejeli, eti asiyejua herufi hajui kufikiri. Dhana hii ilipata nguvu hata kwa wasomi.

Mnamo 1931 na 1932, mwanasaikolojia Mrusi Alexander Luria aliwapelekea wakulima wa Uzbekistan mafumbo ya mantiki. Kaskazini kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wasiosoma walikataa kujibu, kwa kuwa hawakuwahi kufika huko. Luria alihitimisha kuwa fikra zao zimefungwa na waliyoyaona. Mimi nasikia hapo shahidi mwangalifu.

Tena, waliojibu vyema walikuwa wamepitia darasani. Sasa kilichowabadilisha ni herufi au ni shule?

Hapa ndipo Wavai wa Liberia wanapoingia. Wana hati yao ya silabi, ambayo huhusishwa na Momolu Duwalu Bukele na miaka ya 1830. Haifundishwi shuleni; mtu hufunzwa na jamaa au rafiki, kisha huandikia barua na hesabu zake. Wavai wengine walisoma Kurani kwa Kiarabu, wengine Kiingereza shuleni. Sylvia Scribner na Michael Cole waliwalinganisha wote, wakachapisha matokeo mwaka wa 1981. Waliosoma Kivai pekee hawakuwapiku wasiosoma katika mafumbo ya mantiki; shule ndiyo iliyoleta tofauti, hasa katika kueleza sababu za jibu. Lakini waandishi wa barua walikuwa hodari wa kumfafanulia mchezo mtu asiyeujua, nao wasomaji wa Kurani walikumbuka vyema orodha za maneno zilizoongezwa moja moja. Kila kisomo kilinoa kile kilichotumiwa.

Haya si mambo ya kale tu. Kipimo maarufu cha kuchunguza usahaulifu wa wazee, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1975, kina alama 30. Humtaka mzee aondoe 7 kutoka 100 mara kadhaa, asome agizo, aandike sentensi, anakili mchoro. Hebu mfikirie nyanya wa miaka 80 ambaye hajawahi kushika kalamu. Atapoteza alama kabla hata hajasahau kitu, na huenda akarudishwa nyumbani na jina la ugonjwa asiougua. Na huyo huyo ndiye anayekumbuka, bila daftari, nani hajalipa chama tangu Machi.