Fimbo ya pool ya mpingo: Mti wa Kilwa unafaa nyuma, siyo mbele

Kilwa Kivinje. Fimbo ya pool ya kijiweni ikiegeshwa ukutani miezi kadhaa, tena karibu na bahari, mwisho wake ni kupinda. Ndiyo maana wachezaji walio serious huamua kuchongesha fimbo zao. Wengi wakisikia "fimbo ngumu" wanafikiria mpingo, mti unaoota katika misitu ya Wilaya ya Kilwa. Wako sahihi, lakini nusu tu. Kabla hujatoa hela kwa fundi, soma hapa.

Uzito wake ukoje?

Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina karibu kilo 1,200 hadi 1,300, ndiyo maana kipande chake kinazama majini. Mbao ya mepo, mti wa Amerika Kaskazini unaotumika sana kwa fimbo za pool, ina karibu kilo 700.

Fimbo nyingi zina gramu 480 hadi 600. Chama cha Pool cha Dunia (WPA) kinataka fimbo isizidi takriban gramu 709 na ncha isizidi milimita 14.

Kwa nini ukae nyuma?

Ukipiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, mpira hauendi kule fimbo inakoelekea, unakengeuka kidogo. Kinachoamua unakengeuka kiasi gani ni uzito wa mbele ya fimbo, hasa sentimita 15 hadi 20 za mwisho. Mbele ikiwa nzito, mpira unakengeuka zaidi na shabaha inapotea.

Kwa hiyo fimbo ya mpingo mtupu itadumu, ila itakukosesha mipira. Mafundi wakubwa duniani huweka mpingo nyuma, mahali pa kushika, kisha mbele wanaweka mbao nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka kama mepo. Siku hizi wapo wanaoweka kaboni, ambayo hainywi unyevu.

Mpingo mbichi ni hasara

Mpingo hukauka taratibu sana, na ukiharakishwa unapasuka. Wanaoujua hupaka nta kwenye ncha za magogo, huviacha vipande vikauke kivulini, kisha hukereza kidogo kidogo huku wakivipumzisha. Fundi akikuahidi fimbo wiki hii kwa mti uliokatwa juzi, achana naye.

Jinsi ya kuikagua

• Funga jicho moja, tazama fimbo kwa urefu wake kama unalenga bunduki. Ukiona mkunjo, rudisha.
• Iviringishe kwenye meza iliyo sawa. Ikirukaruka, imepinda.
• Igonge taratibu kwa kiganja. Ikilia kama kitu kimelegea, kiungo cha katikati hakijakaa vizuri.
• Angalia nyuzi za mbao ya mbele. Zikikatiza upande badala ya kwenda na urefu, itavunjika mapema.
• Kagua ncha ya ngozi. Inatakiwa iwe ya mviringo na ishike chaki. Ikiisha, inabadilishwa bila kutupa fimbo.

Ukishaipata, ilaze au itundike wima, usiiegeshe. Usiiache juani. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi havina urafiki na mbao.

Uliza mti umetoka wapi

Mpingo huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kumiliki misitu ya hifadhi na kubaki na mapato ya mavuno. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, kwa msaada wa shirika la MCDI. Tangu mwaka 2017 mpingo pia umo katika orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini.

Gogo la magendo halikiachii kijiji hata senti. Kwa hiyo mwombe fundi risiti na kibali cha mbao. Fimbo moja inahitaji kipande kidogo tu, lakini mti uliokitoa ulianza kukua kabla babu yako hajashika chaki.