Mali Bila Daftari: Hadithi ya EVE Online

Tukizungumzia hadithi za kisayansi, wengi wetu hutaja vitabu na filamu. Lakini ipo hadithi moja ya angani inayoandikwa tangu Mei 2003, haijaisha hadi leo, na waandishi wake ni maelfu. Ni EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Reykjavík, Isilandi. Hauna mhusika mkuu. Una mali, na lile swali la kale: nani ashike ufunguo wa ghala?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maneno matupu ulioingiza watu kadhaa katika dunia moja kwa wakati mmoja. Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1997 ikaja Ultima Online, ikathubutu zaidi. Wabunifu wake walitaka uchumi uliofungwa, yaani rasilimali ziwe na kikomo, na kitu kikishatumika kirudi kwenye mzunguko. Mpango mzuri! Ila wachezaji wakaja na tabia yao ya kibinadamu: kulimbikiza. Vitu vikajaa masandukuni, havikurudi, na dunia ikakosa cha kuzalisha. Mpango ukaachwa.

EVE ilipita njia nyingine. Madini yanachimbwa na kujazwa tena, lakini meli ikilipuliwa imekwenda, hairudi. Kwa hiyo vita ndivyo vinavyomaliza kile ambacho wachimbaji wanaleta, na soko linaendelea kuhitaji kazi ya watu. Pili, wachezaji karibu wote wakawekwa katika ulimwengu mmoja badala ya kugawanywa katika nakala nyingi. Tatu, utajiri mkubwa ukawekwa mbali, kusikokuwa na polisi. Huko huendi peke yako. Lazima muungane, mchange, mjenge hazina, mlipie umiliki wa eneo lenu.

Na penye hazina pana mhazini. Hapa ndipo hadithi inapokolea, maana sheria za mchezo hazikatazi mwenzako kukuibia.

Hata waliounda mchezo hawakupona. Mwaka 2007 CCP ilikiri kwamba mfanyakazi wake mmoja aliupa upande wake michoro adimu ya kutengenezea vifaa. Mwaka uliofuata likaanza baraza la wachezaji, linalochaguliwa kwa kura. Mwaka huohuo wa 2007 kampuni iliajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, achunguze bei na mzunguko wa fedha kama wafanyavyo wa benki kuu.

Lakini mchumi hawezi kupima uaminifu. Mwaka 2009, kiongozi mmoja wa muungano wenye nguvu, Band of Brothers, alihamia kwa maadui akiwa bado na mamlaka aliyopewa. Akauvunja muungano wenyewe. Jeshi zima halikuweza kufanya hivyo kwa miaka. Yeye alihitaji kubofya tu.

Halafu Januari 2014, katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, malipo ya umiliki hayakufanyika kwa wakati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilipotea kwa kishindo: mapigano ya takriban saa 21, wachezaji zaidi ya 7,000, na meli 75 za daraja kubwa kuliko zote zikateketea. Kila moja ilikuwa jasho la watu wengi waliochimba jioni baada ya jioni.

Ndiyo maana nausoma mchezo huu kama fasihi. Wabunifu wangeweza kuweka kufuli kila mahali, asiibiwe mtu. Wangeokoa mali nyingi, na machungu ya watu halisi pia, maana miezi ya kazi inayopotea humo ni miezi kweli. Wakachagua kuacha mlango wazi, na imani ikawa na bei. Aliyewahi kushika daftari la kikoba hahitaji kufafanuliwa zaidi.

CCP iliacha mabaki ya meli zile palepale B-R5RB yawe kumbukumbu. Wachezaji bado hupita kuyatazama.