Betri Ndiyo Iliyoibeba Tochi

Anayetafuta leo tochi ndogo ya kuchaji, ya kukaa mfukoni kila siku, hukutana kwanza na tarakimu iliyochapwa kwa maandishi makubwa kuliko mengine yote kwenye boksi: lumeni 1,000, lumeni 2,000, pengine zaidi. Wauzaji wamemzoesha mnunuzi swali moja tu, kwamba inawaka kwa ukali kiasi gani. Historia ya chombo hiki, iliyokwisha kupita miaka 120, inafundisha kuanza na swali jingine: mwanga huo unalishwa na nini, na chakula hicho kitatosha hadi lini? Hoja ya makala haya ni kwamba tochi ilizaliwa pale betri iliporuhusu, ikadumaa pale betri ilipodumaa, na ikawa ndogo na kali pale betri ilipobadilika. Hata maendeleo ya balbu yaliisaidia zaidi kwa kuipunguzia betri mzigo. Mwenye kuijua historia hiyo hachagui tochi kama wanavyotaka waandishi wa maboksi.

Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri iliyotumika sana katika simu za maandishi na kengele za umeme. Ilikuwa chupa yenye kimiminika ndani, na hakuna ambaye angeitia mfukoni. Miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner aliugeuza ule umajimaji kuwa uji mzito kwa kuuchanganya na plasta, akaufunga ndani ya kopo la zinki, na kwa mara ya kwanza betri ikaweza kulazwa, kupinduliwa na kusafirishwa bila kumwagika. Mwaka 1896 National Carbon Company ya Marekani ikaanza kuuza betri kavu kwa wingi. Haikupita hata miaka mitatu, tochi ikapatikana: tarehe 10 Januari 1899 David Misell alipewa hataza ya bomba lenye betri zilizopangwa kwa mstari, balbu na kiakisi mbele yake, akaikabidhi kwa kampuni ya Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Dola ya Urusi aliyefanya biashara New York. Balbu ya umeme ilikuwa imekwisha kuwepo kwa takribani miaka 20. Iliyokuwa ikingojewa ni betri inayobebeka.

Hata hivyo, kuzaliwa si kukomaa. Balbu za wakati ule zilikuwa na uzi wa kaboni, na uzi huo ulikula umeme mwingi kuliko uwezo wa betri kavu. Mtumiaji alibonyeza, akaona kilichopo mbele yake kwa kitambo kidogo, kisha akaachia ili betri ipumzike. Hali ilianza kubadilika takribani mwaka 1910, uzi wa tangsteni ulipokomaa. Huo unahesabiwa kuwa ushindi wa balbu, na kwa kweli ulikuwa. Lakini tuutazame ulileta nini: ulitoa mwanga zaidi kwa umeme uleule, na hivyo betri dhaifu ikapata pumzi ya kuwasha kwa dakika nyingi badala ya sekunde chache.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una ushahidi wake, na hauhitaji maabara. Katika nyumba zilizomulikwa na kibatari, koroboi na fanusi, tochi ya bati yenye betri mbili au tatu kubwa ilikuwa chombo cha heshima. Mlinzi wa usiku aliitegemea, na aliyepaswa kumfikisha mgonjwa zahanati kabla ya alfajiri aliiazima kwa jirani. Ilidumu miaka: kioo kikivunjika kilibadilishwa, balbu ikiungua iliwekwa nyingine, na tochi nyingi zilikuja na balbu ya akiba iliyofichwa kwenye kifuniko cha nyuma. Gharama isiyokwisha ilikuwa betri. Ndiyo maana watu walijifunza kuzianika juani zilipochoka. Desturi hiyo haikuwa ushirikina, kwa sababu joto huchangamsha kemia iliyozubaa ndani ya betri na kuifanya isukume umeme tena kwa muda mfupi. Betri iliyoshindwa kuwasha tochi ilihamishiwa kwenye redio, ambayo iliweza kuridhika na umeme mdogo. Biashara hii ilikuwa kubwa kiasi cha kujengewa viwanda. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru kilianza mwaka 1967 na kikafungwa mwaka 2014, kampuni ikieleza ushindani wa bidhaa rahisi kutoka nje, na Dar es Salaam nako kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilitengeneza betri za National. Tochi ilinunuliwa mara moja, lakini betri zake zilinunuliwa maisha yote.

Hapa msomaji makini atatoa pingamizi: je, si taa za LED ndizo zilizoleta mapinduzi? Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962, lakini kwa miongo mitatu ilifaa zaidi kuwa kitaa cha kuashiria kwenye mitambo. LED ya buluu yenye nguvu ilitangazwa na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia mwaka 1993, na baadaye ikapakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano ili macho yaone nyeupe. Kazi ya Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano ilitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, na ilistahili. Lakini tochi za LED za bei nafuu zilipojaa katika masoko ya Kenya miaka ya 2000, watafiti waliozungumza na watumiaji mwishoni mwa muongo huo walikuta malalamiko tele kuhusu tochi zilizoharibika ndani ya miezi michache. Ubovu wa namna hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoufanya mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa chini ya Benki ya Dunia mwaka 2007 na kujaribiwa kwanza Kenya na Ghana, utilie mkazo upimaji wa ubora.

Tochi nyingi za kuchaji za kizazi kile zilikuwa na betri ndogo ya risasi iliyofungwa ndani. Betri ya aina hiyo ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa, sahani zake hushikwa na utando mgumu wa chumvi na haishiki tena umeme kama awali. Mnunuzi aliyeitumia mpaka ikazima, kisha akaiweka kabatini, aliirudia ikiwa imekufa. LED yenyewe ingeweza kuwaka maelfu ya saa, na mara nyingi ilitupwa ikiwa nzima. Ikiwa LED pekee ingetosha kuleta mapinduzi, tochi zile zisingekuwa takataka mapema hivyo. Mapinduzi yalikamilika LED ilipokutana na betri ya lithiamu ya kuchaji, ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na ambayo wagunduzi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2019.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayomfungua mnunuzi macho. Betri ya lithiamu inayojulikana kama 18650, yaani milimita 18 kwa kipenyo na 65 kwa urefu, ikiwa nzuri hubeba nishati ya kama wati 12 kwa saa moja. LED nzuri hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 1,000 zinadai wati 10, na betri nzima itakwisha kwa saa moja hivi. Lumeni 30, zinazotosha kutembea njiani bila kukanyaga shimo, zinadai sehemu ndogo tu ya wati, na betri ileile inaweza kukesha nazo zaidi ya usiku mmoja. Kuna na joto: mwili mdogo wa tochi hauwezi kuondoa joto la wati 10 kwa muda mrefu, hivyo tochi nyingi hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Isitoshe, mwanga ukiongezwa mara nne, umbali unaofikiwa huongezeka mara mbili tu. Kipimo cha Marekani cha ANSI FL1 kilichotoka mwaka 2009 kiliweka utaratibu wa kutaja lumeni, umbali na muda, lakini muda huo huhesabiwa mpaka mwanga uliobaki uwe asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Boksi linaweza kusema kweli tupu kuhusu lumeni na kuhusu saa, na bado mnunuzi akadhani vyote viwili atavipata kwa pamoja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tarakimu inayojitembeza sana kwenye boksi ndiyo inayopaswa kuulizwa maswali zaidi.

Pingamizi la pili ni la simu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na katika nchi zetu iliwamulikia wengi ambao umeme wa gridi haukuwafikia. Kwa nini basi kubeba chombo cha pili? Jibu linarudi palepale kwenye betri. Simu ya leo inabeba mawasiliano na, tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, inabeba pia pesa. Kila dakika ya kumulika inakatwa kwenye akiba ambayo mtu ataihitaji kupiga simu ya dharura au kumlipa dereva wa bodaboda. Zaidi ya hayo, taa ya simu husambaza mwanga karibu bila kuukusanya, kwa hiyo inafaa zaidi kutafuta ufunguo chini ya meza kuliko kutambua kilichosimama mwisho wa uchochoro.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: betri kavu inapatikana katika duka dogo la kijiji, ilhali tochi ya kuchaji inamfunga mtu kwenye umeme. Kwa tochi ya dharura inayoguswa mara moja kwa mwaka, pingamizi hili lina haki, ingawa betri za alkalini zina tabia ya kuvuja zikisahauliwa ndani ya chombo. Kwa tochi ya kila siku, hali imegeuka. Mtu akichagua inayochajiwa kwa USB-C, kibanda au sola inayomchajia simu inaweza kumchajia na tochi. Sharti ni kwamba betri iweze kutolewa na iwe ya saizi ya kawaida, maana lithiamu nayo huchoka baada ya kuchajiwa mara mamia kadhaa, na iliyogandishwa ndani huondoka na tochi yake. Betri ya akiba inunuliwe kwa muuzaji wa kuaminika na ibebwe ndani ya kikasha, isije ikagusana na funguo na kushika moto. Ile ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh ikataliwe papo hapo, kwa kuwa iliyo nzuri huwa karibu na 3,500 tu.

Kwa hiyo uchaguzi una mpangilio wake. Kwanza betri: aina yake, ukweli wa kipimo chake, na kama inabadilishika. Pili njia ya kuichaji. Tatu hatua za chini za mwanga na saa zake, kwa kuwa humo ndimo tochi itakamoishi siku nyingi. Ukali wa juu kabisa uje mwisho, kama akiba ya dakika chache za haja maalumu. Mpangilio huu unawatendea haki watu walioanika betri juani, ambao walijua kwa uzoefu kile ambacho matangazo yanakificha: mwanga usio na betri ya kuutegemeza ni ahadi tu, na anayetembea gizani anahitaji zaidi ya ahadi.